Nusu ya Uso wa Mwalimu Henri

Émilienne alipewa siku saba za kuamua, na ya kwanza yote aliimaliza kwa matusi. Aliitukana kompyuta, akaitukana kampuni iliyotengeneza programu, akamtukana Kasereka aliyeivusha mto na kuileta mpaka mezani kwake. Mwishowe, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akajitukana mwenyewe kwa kumfungulia mlango. Wapita njia wa Alunguli, mtaa wa mji wa Kindu, walisikia sauti ikitoka studioni wakaendelea na safari zao. Walimzoea. Yeye, Mama Foto wao, akinyamaza, hapo ndipo jirani huingia kuuliza kama ana homa.

Studio ilikuwa chumba kimoja cha matofali, kitambaa cha buluu ukutani, paneli ya jua juu ya bati. Programu aliyotumia kusafishia picha ilikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Aliachiwa na mfanyakazi wa shirika moja la misaada, mwaka ule shirika lilipofunga ofisi na kupanda ndege. Programu hiyo haikujua kufanya kitu chenyewe. Mkono ndio uliofanya kazi, nukta kwa nukta: hapa kuondoa mkunjo wa karatasi, pale kufuta doa la mafuta ya taa. Picha moja mbovu ilimchukua siku mbili, na sasa alikuwa na miaka hamsini na minne na macho yalianza kumwasi.

Kasereka alilijua hilo. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, ana duka karibu na bandari, ng'ambo ya pili ya mto Lualaba, anauza simu na kuchapa fulana. Kazi zote za Émilienne za kuchapwa kubwa zilipita kwake.

"Mama, uko unasukuma chukudu," alimwambia siku ile alipokuja, akitaja ile baiskeli ya mbao ya kwao. "Wenzako wanapanda pikipiki."

"Chukudu haiombi kunywa."

"Lakini pikipiki inafika."

"Na hii yako inakunywa nini?"

Kasereka akakuna shingo. Programu mpya haikununuliwa mara moja. Ililipiwa kila mwezi, na kila mwezi ilitaka intaneti ili iulize kwao kama umelipa. Usipolipa, inajifunga, na kazi zako zinabaki ndani.

"Kumbe ni kupanga nyumba," Émilienne akasema. "Na mwenye nyumba anakaa wapi?"

"Mbali, mama."

"Mbali ambako mawe ya Kailo yanakwenda?"

Kasereka akacheka, kwa sababu alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Hapa Maniema vijana wanaingia ardhini na koleo wanatoka na kasiteriti, mawe yenye madini ya bati, wengine hawatoki. Mawe yanapakiwa, yanaruka, yanageuka kuwa bati la kuunganishia waya ndani ya kila kompyuta duniani. Kisha kompyuta inarudi Kindu na bei yake, na juu ya bei ile wanataka ulipe kodi ya akili iliyomo ndani, mpaka kufa kwako. Émilienne hakusoma chuo chochote, lakini hesabu hiyo aliielewa kuliko mawaziri wanaotia sahihi mikataba ya madini. Alitaka kumfukuza Kasereka na begi lake.

Hakumfukuza, kwa sababu ya Hélène.

Hélène alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, anauza mafuta ya mawese sokoni. Alikuja wiki ile pamoja na shangazi yake, Jacqueline, dada mkubwa wa baba yake. Baba aliitwa Henri, mwalimu wa shule ya msingi, na alichukuliwa na waasi walioshika mji mwaka elfu mbili na mbili, miezi mitatu kabla Hélène hajazaliwa. Hakurudi, wala maiti haikuonekana. Bila maiti, bila kaburi, familia haikuweka matanga, na mtu asiyewekewa matanga anabaki mlangoni, si wa ndani wala wa nje. Mama yake Hélène alikufa akimngoja. Sasa Hélène alikuwa amesema basi. Jumamosi wataweka matanga ya Henri na siku hiyo hiyo watayatoa, na ukoo wote utavaa fulana yenye sura yake, kama mtu mwingine yeyote aliyekufa Kindu.

"Foto haiko nyumbani," alisema Hélène. "Nyumba waliiba yote, mpaka mlango. Shangazi anasema wewe uko nayo."

Émilienne alikuwa nayo.

Wakati wa vita, waasi walikuwa ndani ya mji na Mayi-Mayi, wanamgambo waliowapinga, wako porini kuuzunguka. Treni haikuja, bwato halikuja, chumvi ilipimwa kwa kijiko cha chai. Wenye bunduki wakaamuru kila mwanaume awe na karata, yaani kitambulisho chenye picha, la sivyo ni adui. Émilienne alikuwa na miaka thelathini, mpiga picha pekee wa Alunguli aliyebaki, na filamu alizobakiwa nazo zilihesabika kwa vidole. Kwa hiyo akabuni njia. Aliweka benchi mbele ya ukuta, akakalisha watu wanne bega kwa bega, akabonyeza mara moja, kisha akakata karatasi kwa mkasi. Filamu moja ya picha thelathini na sita ikatoa watu mia moja arobaini na wanne. Ndiyo maana karata za Alunguli za miaka ile zilitambulika upesi: kila mtu alikuwa na kipande cha bega la mwenzake pembeni. Karata zenyewe zilipotea pamoja na wenyewe. Filamu zilibaki kwake ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Alipoitoa ile ya Henri, ukungu ulikuwa umeila. Umekula upande wa kushoto wa uso wake, jicho, shavu na sikio, na kuwaacha wenzake watatu wazima. Kwa programu ya zamani angeweza kung'arisha nusu iliyobaki. Kwenye nusu nyingine hapakuwa na nukta hata moja ya kushika.

"Hii mpya inajaza," Kasereka alimwambia. "Unabonyeza, inamaliza. Jaribu siku saba, bure. Ukikataa, nitaitoa."

Ndivyo alivyokubali.

Siku ya pili hakuigusa. Siku ya tatu, baada ya chai, alifungua picha ya Henri, akazungushia mstari lile shimo la ukungu, akabonyeza. Mashine ikafikiri kwa muda wa kupiga chafya. Halafu Mwalimu Henri akawa mzima. Macho mawili, masikio mawili, shavu laini bila mstari wa mshono. Émilienne aliyepiga picha ile kwa mkono wake alimtazama akahisi kifua kinafunguka. Miaka yote hiyo alikuwa akiona aibu juu ya kopo lile, kwamba alipewa watu awatunze akawaachia ukungu.

Akamwita Hélène. Binti aliingia na harufu ya mawese mikononi, akajifuta kwenye kitenge, akakaa mbele ya kompyuta. Alisogeza kiti. Alijishika paji la uso, akashika na kioo cha kompyuta mahali pale pale.

"Paji ni la kwake," alisema hatimaye. "Mama alikuwa ananiambia, mi nilifikiri ananipa moyo tu."

"Ni la kwake."

"Na haya macho. Angalia namna anatuangalia."

Saa hiyo hiyo Émilienne akaituma kwa Kasereka ichapwe kwenye fulana arobaini, na Hélène akaondoka na baba yake ndani ya simu.

Asubuhi ya siku ya nne Jacqueline akaja peke yake. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miguu mibaya, na kutoka kwake mpaka studio ni mwendo ambao hakuufanya tena bila sababu. Alishika simu ya Hélène kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya kwa mkia.

"Émilienne. Hili jicho ni la nani?"

"Dada, ni la Henri."

"Henri nilimubeba mugongoni. Nilimutoa matongo kwa macho haya kila asubuhi. Ninakuuliza hili la kushoto ni la nani."

Émilienne akavaa miwani. Jicho lilikuwa zuri. Ila kope yake ilishuka kidogo, ikafunika robo ya mboni, kama ya mtu anayesinzia upande mmoja. Henri hakuwa na kope ya namna hiyo. Akaenda kwenye kopo, akaitoa filamu, akaishikilia dirishani dhidi ya mwanga. Watu wanne benchini. Wa kwanza Henri. Wa pili, bega kwa bega na Henri, upande ule ule ulioliwa, alikaa Rémy.

Mtaa mzima ulimjua Rémy Kope. Alizaliwa na jicho lile, na watoto walimwigiza. Mashine ilikuta shimo kwenye uso wa Henri, ikatafuta karibu kitu cha kuzibia, ikachukua jicho la jirani wa benchi, ikalishona pale bila kumwambia mtu.

Jacqueline alikuwa amekwisha kukaa chini, kwenye sakafu, si kwenye kiti.

Rémy ndiye aliyemtaja Henri kwa waasi. Haikuwa siri, mchana kweupe, sokoni, alisimama kati ya askari wawili akanyoosha kidole akasema yule mwalimu anapelekea Mayi-Mayi chumvi. Chumvi gani, na Henri alikuwa anafundisha kwa kulipwa mihogo? Walikuwa na ugomvi wa kiwanja, basi. Kiwanja cha hatua kumi na tano kwa ishirini. Vita ilipokwisha Rémy aliondoka na wale wenye bunduki, na hakuna hakimu aliyeuliza aliko. Hakuna hakimu aliyeuliza chochote. Waliokalia mji walipewa vyeo na magari, na Hélène akapewa ndoo ya mawese.

"Nilimukalisha mimi kando yake," Émilienne akasema. "Niliwaambia, sogeeni, sogeeni, filamu ni kidogo."

"Benchi halikumuua," Jacqueline akajibu. "Lakini hili halitavaliwa. Nikilala chini ya udongo, sawa, muvae. Nikiwa hai, hapana."

Émilienne hakufunga hata studio. Alishuka bandarini, akaingia mtumbwi wa mota, akasimama wima safari nzima ingawa mwenye mtumbwi alimwomba akae. Dukani kwa Kasereka fulana zilikuwa zimening'inia kwenye kamba, safu tatu, na Henri arobaini walimtazama kila mmoja na kope ya Rémy. Hélène alikuwepo. Alikuwa amekuja kuzichukua, na tayari amevaa moja juu ya blauzi yake.

"Hizo zishuke," Émilienne akasema.

Kasereka akatoka nyuma ya meza. "Mama, karibu kwanza. Wino haujakauka vizuri."

"Afadhali. Nimesema zishuke."

Akaeleza. Hakueleza kwa sauti ndogo, na wateja waliokuja kuchaji simu wakasogea kusikiliza. Kasereka alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa jasho, na kusema lile neno ambalo mtu wa biashara husema.

"Lakini nani atajua? Ni jicho moja tu."

"Jacqueline amejua."

"Huyo ni mutu mumoja."

"Wengine waliomujua wako wapi, Kasereka? Huyo njo aliyebaki, ndiye peke yake. Kesho kutwa naye atakufa, na hapo uongo wako utakuwa kweli."

"Si uongo wangu. Masini haikumujua Rémy."

"Njo ubaya wake. Haijue, na haiseme kwamba haijue. Mi nikitia kiraka, ninajua kiraka kiko wapi, na ukiniuliza nitakuonyesha. Hii imepaka juu, ikatuangalia kwa macho makavu."

"Tunaweza kubadilisha. Iko na namna nyingine, inatengeneza jicho jipya, haichukui la jirani. Inachukua kwa watu wa dunia nzima, mamilioni, inachanganya."

"Henri hakuwa watu wa dunia nzima. Alikuwa wa Alunguli, na alikuwa na macho yake."

Wakati wote huo Hélène alikuwa amekunja mikono juu ya ile sura iliyokuwa kifuani. Alipofungua mdomo, hakumwelekea Kasereka.

"Mama Foto. Jana ulinipa baba. Nililala na yeye. Leo unakuja kumukamata mbele ya watu, kama wale."

Neno hilo lilimpiga Émilienne mahali ambapo hakuwa na mkono wa kujikinga. Angeweza kusema ni mashine. Angeweza kusema ni Kasereka, ni kampuni ya huko mbali, ni vita. Hasira ilikuwa imemjaa na ilitafuta mtu wa kumwangukia, na mbele yake alikuwepo binti wa mawese peke yake.

"Uko na haki," alisema. "Mi njo niliyebonyeza. Niliona uzuri nikaacha kuangalia. Kazi yangu ni kuangalia, miaka therathini hii, na siku moja iliyokuwa na maana sikuangalia. Nitukane."

Hélène hakumtukana. Alivua fulana, akaikunja ikiwa imegeuzwa ndani nje, akaiweka mezani.

"Kilichobaki ni nini? Cha kweli."

Émilienne akamwonyesha kwenye simu yake: Henri kabla ya mashine. Jicho moja la kulia, wazi, linalotazama mbele. Nusu ya pua. Kona moja ya mdomo, iliyobanwa kama ya mwalimu anayengoja darasa linyamaze. Upande wa pili weupe mtupu.

"Hii haivaliki," Kasereka akasema polepole. "Watu watauliza kilichokula uso."

"Ukungu," Émilienne akasema.

"Hapana," Hélène akasema. "Ukungu umekula foto tu, uso walikula watu. Baba angekuwepo, asingekuwa na foto moja kwenye kopo la mutu. Angekuwa nazo makumi, ya harusi, ya ubatizo wangu, anaota mvi moja moja. Nani ataona shida kama moja imeoza?" Akamrudishia simu. "Chapa hivyo. Acha waulize."

Kasereka alitazama fulana zake arobaini zilizoharibika. Aliagiza nyingine zitolewe kwenye mfuko. Sitamnyima haki yake: hakudai kitu siku ile, ingawa baadaye alilalamika kwa kila aliyetaka kusikia.

Émilienne aliirudia kazi kwa programu ya zamani, kwa mkono, siku ya tano yote. Alisafisha nusu iliyokuwepo mpaka kovu dogo la nyusi likaonekana, ambalo Jacqueline alilitambua kwa kuligusa. Ile nusu nyingine hakuigusa. Wala hakuulainisha ukingo. Aliuacha ukatike pale ulipokatika.

Siku ya sita Kasereka alivuka kuleta fulana, akakuta programu yake mpya haimo tena ndani ya kompyuta.

"Umebakiza siku moja, mama. Ya bure."

"Siitaki. Sitaki siku yao hata moja."

"Maarusi watakukimbia. Wanataka ngozi ya televisheni."

"Waje kwako. Wewe wape ngozi. Bibi arusi anajua sura yake, mukimudanganya atacheka tu mbele ya kioo. Lakini kopo langu liko na watu ambao kioo chao ni mimi. Kila familia itakayokuja itakuta walichoacha wale wenye bunduki, si zaidi."

"Utakufa maskini."

"Nitakufa ninawajua."

Kasereka akashika begi lake akaondoka, na ni kweli maarusi wa mwezi ule wote walivuka mto kwenda kwake. Émilienne aliwaona wakipita mlangoni na magauni yao kwenye mifuko ya nailoni, na hakuna aliyemsikia akisema ana furaha.

Jumamosi matanga yakawekwa uani kwa Jacqueline. Watu wa ukoo walikaa chini ya turubai wakiwa na nusu ya Mwalimu Henri vifuani. Walioingia waliangalia fulana, wakaangalia pembeni, wakaangalia tena. Katekista alisali. Wanafunzi wa zamani wa Henri, wanaume wazima sasa, walisimulia alivyokuwa akiwachapa fimbo na alivyokuwa akigawa mihogo yake. Kisha mzee mmoja aliyetoka mbali akauliza kwa wema, kama mtu anavyouliza juu ya ugonjwa, kwa nini fundi hakumaliza uso.

Hélène akasimama. Ndugu wa Rémy walikuwepo, kwa maana Alunguli watu huzikana hata na waliowakosea. Alikuwepo Valère, mjomba wa Rémy, mstari wa tatu, kofia magotini. Hélène alimwona, na hakupunguza sauti.

"Fundi amemaliza. Upande huu njo baba yangu. Upande huu, aliyeuondoa alikuwa jirani, na jina lake ni Rémy, na waliomubeba wakamupoteza walikuwa askari, na mpaka leo hakuna aliyewaita. Siku watakapoitwa, tutachapa nyingine."

Akakaa.

Valère akaja mbele akiburuta ndala. Alisimama kwa Jacqueline, kando ya meza ya fulana, akaomba naye apewe fulana, ili, alisema, mambo yaishe.

Jacqueline alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala.

"Zimekwisha," alisema. Mkono wake ulikuwa umelala juu ya rundo la zilizobaki, na hakuuondoa.